LIKIZO NDEFU YA WATOTO WADOGO

Kila mwisho wa mwaka, mahindi yanapokauka katika mashamba ya Uasin Gishu na matrekta yanapoanza kupita njiani yakivuta matrela yaliyojaa magunia, shule hufungwa na watoto hurudi nyumbani kwa likizo iliyo ndefu kupita zote. Huko Kapseret, kusini mwa mji wa Eldoret, likizo hiyo huwaletea watoto furaha na wazazi mawazo mengi. Kijana wa miaka kumi na mitano aweza kuachiwa nyumba na ndama. Lakini mtoto wa miaka minne, sita au minane atafanya nini kwa muda wa majuma kumi? Ni nani atakayemwangalia, hali mama yuko sokoni na baba yuko kazini?

Kwa kawaida mzazi huona njia tatu mbele yake. Ya kwanza ni kumpeleka mtoto katika masomo ya ziada. Ya pili ni kumlipia kambi ya likizo, ambamo hushinda kutwa akifundishwa kuogelea, kuchora au kutumia kompyuta, kila saa na kazi yake. Ya tatu ni kumwacha azurure, na kumwomba Mungu amlinde mpaka jioni. Njia ya kwanza imekatazwa na sheria. Ya pili ina gharama ambayo nyumba nyingi haziwezi kuibeba. Na ya tatu ina hatari. Lakini iko njia ya nne, nayo si ngeni kwa watu wa nchi hii. Ni kuweka mambo machache yasiyobadilika katika siku, kuhakikisha kwamba yupo mtu mzima ajuaye mtoto aliko, na kuuacha wakati uliobaki uwe wa mtoto mwenyewe. Kwa maneno machache, mtoto awe huru, lakini asiwe peke yake.

LIKIZO ZENYEWE

Mwaka wa shule nchini Kenya una mihula mitatu, na baada ya kila muhula kuna likizo. Katika kalenda ya mwaka 2025 likizo ya Aprili na ile ya Agosti zilikuwa za majuma matatu kila moja. Muhula wa tatu ulimalizika tarehe 24 Oktoba, ikafuata likizo ya majuma kumi hadi mwanzo wa Januari.

Mashauri mengi yaandikwayo juu ya likizo za watoto hutoka Ulaya na Marekani, ambako likizo ndefu huwa mwezi wa Julai na Agosti, katika majira ya joto. Mashauri hayo hayafai kuchukuliwa yalivyo. Kapseret iko karibu sana na Ikweta, tena juu ya uwanda ulioinuka zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Majira ya joto ya namna ile hayapo. Agosti ni mwezi wa baridi, mvua na matope. Likizo yake ni fupi, na watoto hukaa sana chini ya paa. Likizo ndefu huanguka wakati wa mavuno, mvua inapopungua, mabua yamekatwa na kusimamishwa mafungu mafungu shambani, na kila mtu mzima ana kazi nyingi. Basi hapo ndipo penye uzito: watoto hupata wakati mwingi kabisa katika miezi ile ile ambayo wakubwa hukosa wakati.

KAMBI ZILIANZAJE?

Yafaa kujua asili ya kambi za likizo, maana asili yake yaonyesha ni kitu gani hasa kilichokuwa kikitafutwa. Mwaka 1861 mwalimu mmoja wa Marekani, Frederick Gunn, aliyekuwa na shule katika jimbo la Connecticut, aliwaongoza wanafunzi wake kwa miguu hadi pwani. Wakapiga mahema, wakakaa huko majuma mawili wakivua samaki, wakiogelea na kupika kwa moto wa kuni. Wengi huihesabu safari hiyo kuwa mwanzo wa kambi za likizo nchini humo. Baadaye miji ilipokua, na watoto wengi walipokuwa wakilelewa mahali pasipo mti wala uwanja, kambi ziliongezeka, na mwishowe zikawa biashara kubwa.

Mzazi wa Kapseret na alifikirie jambo hili. Vitu vingi ambavyo kambi huviuza kwa fedha, yaani uwanja wa kukimbilia, miti ya kupanda, wanyama wa kulisha, moto wa jioni na hadithi zake, na watoto wengine wa kucheza nao, bado vinapatikana bure katika sehemu kubwa ya Ngeria, Megun na Kipkenyo. Kilichopungua ni kimoja tu, nacho ni mtu mzima mwenye nafasi ya kuwa karibu. Kambi haina siri nyingine iliyo kubwa kuliko hiyo.

SHERIA YASEMAJE?

Kwa miaka mingi baadhi ya shule ziliwaita wanafunzi wakati wa likizo na kuwatoza wazazi ada ya masomo ya ziada. Mwaka 2012 Waziri wa Elimu wa wakati huo, marehemu Mutula Kilonzo, aliyapiga marufuku masomo hayo. Mwaka uliofuata ilipitishwa Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, ambayo katika kifungu cha 37 yakataza mwanafunzi kutiwa katika masomo ya likizo. Avunjaye kifungu hicho aweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 100,000, au kufungwa kwa muda usiozidi mwaka mmoja, au kupewa adhabu zote mbili.

Nia ya sheria si kumfanya mtoto kuwa mvivu. Mapatano ya Umoja wa Mataifa juu ya Haki za Mtoto ya mwaka 1989, ambayo Kenya iliyathibitisha mwaka 1990, yasema katika kifungu cha 31 kwamba mtoto ana haki ya kupumzika na kucheza. Sheria ya Watoto ya Kenya ya mwaka 2022 nayo yaitambua haki hiyo. Mchezo basi umewekwa mahali pamoja na chakula, matibabu na masomo. Si zawadi ambayo mtoto hupewa akiwa mwema na kunyang'anywa akikosea.

KWA NINI MCHEZO SI KUPOTEZA WAKATI

Wako wazazi waonao kwamba mtoto anayecheza anapoteza wakati, na kwamba saa isiyo na mwalimu ni saa tupu. Na tuwatazame watoto wanne wanaotengeneza gari la waya nyuma ya nyumba. Kwanza hupatana kuwa litakuwa lori, si basi. Mmoja hutafuta waya, mwingine hutafuta vifuniko vya chupa viwe magurudumu. Gurudumu hukataa kuzunguka, nao hujaribu tena kwa namna nyingine. Hugombana juu ya nani atakayeliendesha kwanza, kisha huona kwamba wakigombana mchezo umekwisha, basi huwekeana zamu. Kabla ya saa sita wamekwisha pima, wamehesabu, wamekosea, wamesahihisha na wamesameheana, wala hakuna mkubwa aliyewaambia neno.

Mwaka 2014 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Colorado, Marekani, walitoa matokeo ya uchunguzi wao juu ya watoto 70 wenye umri wa miaka sita na saba. Waliuliza jinsi kila mtoto alivyoutumia wakati wake, kisha wakawapa watoto majaribio ya akili. Walioneka kuwa hodari zaidi wa kujiongoza wenyewe, yaani kujiwekea shabaha na kuifikia bila kuambiwa na mtu, ni wale waliokuwa na saa nyingi zaidi za kujichagulia la kufanya. Uchunguzi huo hauthibitishi kwamba uhuru ndio uliowafanya wawe hodari. Huenda watoto wa tabia hiyo ndio wanaopewa uhuru zaidi. Lakini wapatana na yale ambayo waalimu wa watoto wadogo wameyaona siku zote: mtoto ambaye kila saa yake hupangwa na mwingine hukosa nafasi ya kujifunza kujipangia.

Hapa yafaa kutaja neno ambalo wazazi wengi huliogopa. Siku ya tatu au ya nne ya likizo mtoto huja akasema, "Sina la kufanya." Mzazi hufadhaika, akampa simu achezee, au akamtafutia kazi. Afadhali asiharakishe. Mtoto aliyezoea kengele ya shule kwa miezi mingi huhitaji siku kadhaa kabla ya kuanza kujitafutia mchezo. Inatosha kumjibu kwa upole, "Haya, tafuta, ukipata njoo unionyeshe." Mara nyingi kabla ya chai ya saa nne huwa amepata.

NGUZO NNE ZA SIKU

Uhuru wa mtoto mdogo hauna maana ya siku isiyo na utaratibu. Mwaka 2020 shule zote za Kenya zilifungwa katikati ya Machi kwa sababu ya ugonjwa wa korona, na watoto wengi wa madarasa ya chini hawakurudi mpaka tarehe 4 Januari 2021. Wazazi wengi waliona kwa macho yao kwamba mtoto asiyejua saa ya kula wala ya kulala huwa mkali, hulia ovyo, na hata mchezo humshinda. Nyumba husimama kwa nguzo chache, na katikati ya nguzo watu hupita watakavyo. Siku ya likizo nayo yatosha kuwa na nguzo nne.

Nguzo ya kwanza ni asubuhi. Mtoto huamka wakati ule ule kila siku, hunawa, hunywa uji au chai, kisha hufanya kazi yake moja ndogo. Ikiisha, yu huru.

Nguzo ya pili ni chakula cha mchana, nacho huliwa mahali panapojulikana. Ugali na maziwa mursik, au githeri, si neno. Lililo kubwa ni kwamba watoto wote huonekana na kuhesabiwa. Baada ya kula hupumzika kidogo, hasa walio chini ya miaka mitano.

Nguzo ya tatu ni kurudi nyumbani jua likishuka. Katika miezi ya mvua, mawingu ya uwanda huu hukusanyika mara nyingi baada ya adhuhuri, na radi za huku ni kali. Basi mchezo wa nje na uwe asubuhi, na mtoto afundishwe kwamba asikiapo ngurumo hukimbilia ndani ya nyumba, wala hajifichi chini ya mti.

Nguzo ya nne ni usiku: kuoga, chakula, hadithi na usingizi. Shirika la Afya Duniani lilitoa mashauri mwaka 2019 kwamba mtoto wa miaka mitatu au minne apate usingizi wa saa 10 hadi 13 katika kila saa 24, na acheze kwa kutumia mwili kwa muda usiopungua saa tatu kwa siku. Mtoto aliyekimbia kutwa katika hewa ya Kapseret hahitaji kubembelezwa sana alale.

Kati ya nguzo hizo, mzazi asitie neno jingine isipokuwa kwa sababu. Jambo moja kubwa kwa juma latosha: kwenda Eldoret katika maktaba ya umma, kumtembelea shangazi, au kusimama kando ya barabara ya Kapsabet, mkono wa mtoto ukiwa katika mkono wa mkubwa, kutazama ndege zikishuka katika uwanja wa kimataifa uliofunguliwa mwaka 1997. Jambo hilo moja mtoto hulingoja kwa siku sita na kulisimulia kwa siku sita nyingine. Akipewa mambo sita kwa juma, hatalikumbuka hata moja.

HADITHI NA VITABU

Nyanya, ambaye Wakalenjin humwita kogo, ni mwalimu ambaye likizo humrudisha kazini. Siku hizi hadithi zake ni sehemu ya elimu kwa kweli, maana utaratibu wa masomo wa Kenya wataka watoto wa madarasa matatu ya kwanza wafundishwe kwa lugha itumiwayo zaidi katika sehemu yao. Mtoto aliyesikiliza hadithi na vitendawili kwa majuma kumi hurudi darasani na maneno mengi kuliko aliyeandikishwa herufi kwa fimbo. Hazina hiyo ni ya zamani. Bwana A. C. Hollis alipochapisha kitabu chake juu ya Wanandi mwaka 1909, alijaza ndani yake hadithi, methali na vitendawili alivyosimuliwa na watu wenyewe. Vilivyoandikwa havitapotea, lakini hadithi huishi vizuri zaidi mdomoni mwa mzee kuliko katika karatasi.

Kusoma nako kusiachwe kabisa. Robo saa jioni, mtoto akisoma kwa sauti na mkubwa akisikiliza, hutosha kumfanya asisahau. Mzazi asiyejua kusoma aweza kusikiliza vilevile, na kumwuliza mtoto, "Kisha ikawaje?" Swali hilo halihitaji cheti.

KAZI NDOGO NA KAZI KUBWA

Mtoto hupenda kufanya wafanyalo wakubwa, na likizo ya mavuno ina kazi nyingi zimfaazo. Wa miaka minne aweza kuwatupia kuku punje na kuokota mayai. Wa miaka sita aweza kufagia, kuosha vikombe na kuchagua maharagwe. Wa miaka minane aweza kuokota mahindi yaliyosazwa shambani, na jioni kukaa na wenzake kupukuchua kwa mkono huku wakitegeana vitendawili. Magunzi yakibaki, huwa matofali ya nyumba za mchezo, au watoto wa kubebwa mgongoni kwa kitambaa.

Lakini msaada mdogo nyumbani ni mbali na ajira. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yakataza kabisa kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 13, na mwenye miaka 13 hadi 16 huruhusiwa kazi nyepesi tu. Mtu anayewaweka watoto wa miaka minane wafunge magunia kutwa kwa malipo, hata yakiwa madogo, amevunja sheria. Kipimo cha nyumbani ni rahisi: kazi ya mtoto mdogo na iishe kabla ya hamu yake kuisha.

HATARI ZISIZOSAHAULIKA

Zaidi ya uchovu wa wazazi, liko jambo kubwa zaidi ambalo kila mpango wa likizo sharti uliangalie, nalo ni uhai wa mtoto. Katika mashamba ya Uasin Gishu kuna mabwawa yaliyochimbwa kwa ajili ya ng'ombe, visima, na mashimo yaliyoachwa baada ya kuchimbwa mawe au murami, ambayo mvua huyajaza. Maji hayo huonekana yametulia, lakini kingo zake huteleza na kina chake hakionekani. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2024 kwamba watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani katika mwaka 2021, na karibu robo yao walikuwa watoto wasiofika miaka mitano. Mtoto wa umri huo hazami kwa kishindo. Huzama kimya, kwa dakika chache, mama anapokuwa ameingia jikoni.

Katika mashauri yake, shirika hilo lataka watoto wasioanza shule wapate mahali pa salama, mbali na maji, wakiwa na mlezi anayeweza kazi hiyo. Mfano mzuri umetoka Bangladesh, nchi ya mito na madimbwi yasiyo na hesabu. Huko waligundua kwamba watoto wengi huzama asubuhi, wakati mama wanaposhughulika na kazi. Wakaanzisha vituo vidogo vijijini, viitwavyo Anchal, ambamo mwanamke wa kijiji hicho hicho huwaangalia watoto kutoka saa tatu asubuhi mpaka saa saba mchana. Vifo vya kuzama vilipungua sana kwa watoto waliopelekwa humo. Kumbe haikulazimu kuwalinda watoto kutwa katika jumba kubwa. Ilitosha kuzijua saa za hatari na kumweka mtu katika saa hizo.

Pamoja na maji, yako mengine. Mashine ya kupukuchua mahindi, na mkanda wake, vikaliwe mbali. Wala mtoto asipande trela linalotembea. Dawa za kunyunyizia mimea zisiwekwe katika chupa za soda, maana mtoto hajui kusoma harufu. Jiko la makaa lisiachwe sakafuni bila mtu, wala lisiingizwe katika chumba cha kulala kilichofungwa, hata baridi ikizidi. Tena wako wazazi ambao kwa kuogopa barabara na pikipiki huwafungia watoto ndani kwa kufuli wakaenda kazini. Jambo hili sharti liachwe kabisa, kwa kuwa moto ukizuka mtoto hana pa kutokea.

ZAMU YA MAJIRANI

Sasa yabaki swali la kwanza: ni nani atakayewaangalia? Jibu lake si lazima liwe fedha. Tuseme ziko nyumba tano jirani, kila moja ina watoto wawili, na katika kila nyumba mzazi aenda kazini au shambani siku tano kwa juma. Nyumba hizo zikipatana, kila moja hutoa mtu mzima mmoja kwa siku moja tu ya juma, na siku nne nyingine mzazi hufanya kazi yake kwa moyo mtulivu. Mwenye zamu hana haja ya kuwa mwalimu. Hawaimbishi watoto wala hawapangi mistari. Hupukuchua mahindi yake au kufuma fulana yake mahali ambapo aona uwanja wao, huwahesabu mara kwa mara, huwapa chakula saa ya chakula, na huamua ugomvi uliowashinda.

Ili zamu isivunjike katika juma la pili, yafaa mambo manne yapatanwe kabla ya shule kufungwa. La kwanza, mipaka: watoto waonyeshwe kwa miguu, si kwa maneno tu, mahali wanapoweza kufika na mahali wasipokaribia. La pili, chakula: kila nyumba ilete unga, maziwa au mboga kwa kadiri yake, asije mmoja akaona amelemewa. La tatu, nambari za simu za wazazi wote, na jina la zahanati iliyo karibu, ziandikwe na kubandikwa mlangoni. La nne, watoto wachanga na wale wasiofika miaka mitatu wawe na mtu wao, kwa kuwa mtu mmoja hawezi kumfuata atambaaye na huku anawatazama wanaokimbia. Na mwenye zamu asiwe mtoto mwingine. Msichana wa miaka kumi naye yuko likizoni. Mgongo wake usifanywe kitanda cha wadogo zake kwa majuma kumi.

Katika Langas, ambako nyumba za kupanga zimesongamana na uwanja ni mdogo, zamu ni ya lazima zaidi. Huko wazazi waweza kumwomba mwalimu mkuu ruhusa ya kutumia uwanja wa shule asubuhi, au wazee wa kanisa ruhusa ya kutumia kiwanja chao. Kamba ya kuruka, mpira wa makaratasi na matambara, na gurudumu kuukuu la baiskeli ni vyombo vya kutosha kuanzia.

SIMU NA TELEVISHENI

Mkubwa akichoka, mlezi aliye karibu zaidi huwa ni simu. Kwa watoto wa miaka miwili hadi minne, Shirika la Afya Duniani limeshauri kwamba wakati wa kukaa mbele ya kioo cha televisheni au simu usizidi saa moja kwa siku, na ukipungua ni bora zaidi. Mtoto asiyefika mwaka mmoja asiwekwe mbele yake kabisa. Njia iliyo rahisi kuliko kukatazana kila saa ni kuweka wakati mmoja unaojulikana, kama vile baada ya kuoga jioni, na wakati mwingine wote simu iwe mfukoni mwa mwenyewe. Katika siku za matope za Agosti kishawishi huwa kikubwa. Ndipo yafaa kuwa na sanduku la vitu vya ndani: makaratasi yaliyoandikwa upande mmoja, kalamu za rangi, udongo wa kufinyanga, vifuniko vya chupa vya kuhesabia na mbegu za kuchezea bao.

MPANGO WA JUMA LA KWANZA

Mzazi anayetaka kuanza asingoje mpaka siku ya kufunga shule. Jumapili iliyo mbele, na akae na majirani wawili au watatu, kila mmoja aseme ni siku gani aweza kuwa nyumbani. Kisha watembee pamoja kuyatazama maji yaliyo karibu: palipo na kisima pafunikwe, palipo na shimo pawekwe uzio wa miti, na bwawa la ng'ombe watoto waambiwe wazi kwamba hawafiki bila mkubwa. Kazi hiyo huchukua mchana mmoja. Baada ya hapo watoto waelezwe nguzo zao nne, na kila mmoja achague kazi yake moja ndogo.

Januari shule zitakapofunguliwa, mwalimu atawauliza watoto walifanya nini likizoni. Wengine watasema walikwenda Mombasa, wengine watasema walijifunza kuogelea. Mtoto aliyelelewa kwa mpango huu atasema alijenga lori la waya, akaokota mahindi, akasikia hadithi ya sungura kwa kogo mara saba. Mwalimu atamwona kitini pake, mzima, amenenepa kidogo, na tayari kufundishwa.